Nyumba ya mgonjwa wa TB, usianze na anayepiga kelele

Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Temeke, Dar es Salaam, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu kubwa ni kufuatilia watu waliokaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu, wenyewe tunawaita kontakti. Mgonjwa akishapata majibu pale kliniki sista ananipa jina, mtaa na namba ya simu, mi naingia mtaani. Watu wengi wanadhani ugumu wa hii kazi ni jua, au kuogopa kuambukizwa. Hapana. Ugumu ni pale una majina kumi na saba kwenye kaunta buku, nauli unayo ya siku mbili, vikopo vya makohozi vimebaki sita, sasa unaanza na nani.

Naandika kwasababu nilishawahi kukosea hapo, na niliyemkosea bado namwona mtaani.

Ilikuwa Tandika, mwaka wangu wa tatu. Mgonjwa alikuwa mama lishe, miaka thelathini na kitu, makohozi yake yamekutwa na vimelea, na alishakohoa karibu miezi minne akinywa dawa za kikohozi za dukani. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, korido katikati, choo cha nje. Nafika tu habari imeshanitangulia, mama mwenye nyumba yuko mlangoni kashika kiuno, "We dada, sisi mnatupima lini, au mnasubiri tuishe wote humu?" Wapangaji nao wakatoka. Mmoja anasema alishakunywa chai kwa kikombe cha yule mama, mwingine anasema wanaanika nguo kamba moja, wa tatu ana wasiwasi na choo. Na mimi nikiangalia yule mgonjwa kajikunyata chumbani na shuka, naona kabisa wasipotulia hawa leo leo anatolewa vyombo nje, basi nikaanza na wao.

Siku ya kwanza yote ikaishia kwa wapangaji. Siku ya pili nikamalizia waliobaki, na mume wake ambaye aliniomba nimuwahi maana kibarua chake kinaanza alfajiri. Watoto walikuwa watatu, wakubwa wawili wako shule, wa mwisho wa mwaka mmoja na miezi miwili nikaambiwa kapelekwa Chamazi kwa shangazi yake tangu siku mama alipopewa majibu, asije akaambukizwa. Nikaona wamefanya la maana. Nikachukua peni nikaandika pembeni ya jina lake: hayupo.

Neno moja tu hilo. Sikujiuliza kwamba huyu mtoto ile miezi minne yote alikuwa analala kifuani kwa mama yake, ananyonya usiku, anakoholewa usoni mpaka kunakucha, yaani kama kuna mtu kwenye ile nyumba aliyeivuta hewa ya yule mama kuliko wote ni yeye, na kumpeleka Chamazi hakukumtoa kwenye hatari, kulimtoa kwenye macho yangu.

Wiki ya tano shangazi akamkimbiza hospitali. Anatapika, analala muda wote, ukimwinua shingo imekaza. Ikawa homa ya uti wa mgongo ya TB. Alikaa wodini muda mrefu sana na namshukuru Mungu alipona, ila mguu wa kulia anauburuta mpaka leo. Mwaka huu yuko darasa la kwanza. Na wale wapangaji niliowapa siku zangu mbili, wa kikombe, wa kamba, wa choo, hakuna hata mmoja aliyekutwa na TB. Vikombe na kamba za nguo TB haipiti huko, inapita kwenye hewa, mtu anakohoa au anaimba au anaongea, vimelea vinabaki vinaelea kwenye chumba kilichofungwa hata masaa, mwingine anavuta.

Dokta wa kitengo hakunifokea. Alinikalisha akanieleza jambo ambalo semina nzima nilikuwa nimelisikia bila kulisikia. Alisema mtu mzima mwenye afya akivuta vimelea, mara nyingi mwili unavifungia ndani vinalala, karibu tisa kati ya kumi hawaji kuugua maisha yao yote. Wale wachache watakaougua wengi wao wanaugua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Lakini mtoto mdogo kinga yake bado haijakomaa, kwake hiyo safari kutoka kuvuta mpaka kuugua inaweza ikawa wiki chache, na TB yake haikai tu kwenye mapafu, inakimbilia kwenye damu na kwenye ubongo. Ile chanjo ya BCG anayochomwa akizaliwa inamsaidia sana na hizo aina kali, ila haimfungii mlango moja kwa moja. Kwahiyo wale wapangaji wangeweza kunisubiri wiki mbili, wangekasirika lakini wangesubiri. Mtoto hakuwa na wiki za kusubiri.

Toka hapo nikaanza kuona kitu ambacho kwenye fomu hakijaandikwa. Walio kwenye hatari kubwa ndo wanyamavu. Mtoto hajui kusema. Mwenye virusi vya UKIMWI hataki kusema mbele za watu. Bibi anayekohoa anasema ni kikohozi cha uzee. Dada wa kazi haulizwi. Anayekushika mkono getini na kukuuliza mnatupima lini, mara nyingi ana nguvu zake zote.

Sasa hivi nikipewa jina naanza na maswali ya mgonjwa mwenyewe kabla sijatoka pale kliniki. Makohozi yake yana vimelea au hayana, maana mwenye TB ya tezi peke yake au ya mgongo peke yake kwa kawaida haambukizi wengine, huyo familia yake naitembelea lakini siikimbilii. Amekohoa muda gani, wiki tatu si sawa na miezi mitano. Je ni TB sugu, hii naipa uzito wa peke yake, kwasababu aliyeambukizwa na huyo akiugua ataugua hiyo hiyo sugu, na dawa zake si hizi za kawaida za miezi sita. Zamani wagonjwa wa TB sugu walikuwa wanasafirishwa mpaka hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, nakumbuka nilimsindikiza mama mmoja stendi ya Ubungo, watoto wake wamebaki kwa jirani, na kichwani mwangu muda wote ni wale watoto na si yeye.

Alafu nauliza swali ambalo nimelibadilisha. Kwenye fomu linauliza unaishi na nani. Mi nauliza unalala wapi na nani, ndani ya miezi mitatu iliyopita, hata kama sasa hivi hayupo. Na mchana unashinda wapi, pamefungwa au wazi. Haya si maneno yangu, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaangalia hiyo hiyo miezi mitatu kabla ya kuanza dawa na watu waliolala chumba kimoja au kushinda pamoja sehemu iliyofungwa, ila ukilisoma swali kama lilivyoandikwa mtu anakutajia mke na watoto basi, kwenye akili yake kuishi ni kuwa ndugu.

Nichukulie mfano wa konda.

Kijana wa miaka ishirini na sita, konda wa daladala, kapanga Yombo. Makohozi yake yalikuwa na vimelea vingi. Pale ofisini mjadala wote ukawa abiria, jamani huyu kashapandisha watu wangapi kwa siku, tutawapataje, mwingine akasema tuombe redio itangaze. Naelewa hofu yao, mi mwenyewe napanda daladala kila siku. Lakini abiria anakaa nusu saa, saa moja foleni ikiwa mbaya, madirisha wazi upepo unapita, alafu anashuka. Uwezekano upo ila ni mdogo, na hata ukitaka kumtafuta humpati. Nikamuuliza kijana, unalala wapi na nani? Akasema geto, tuko wanne.

Nilienda saa saba mchana. Chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, magodoro mawili chini, ndoo ya maji, shati za kazi zimening'inia kwenye misumari. Dirisha lipo, la nondo, ila limezibwa lote kwa boksi la tivii na juu yake nailoni imegongwa kwa vifuniko vya soda. Nikauliza kwanini. Wakaniambia vibaka wanapitisha mti usiku wanavuta simu na suruali, na mbu juu yake. Kwahiyo wanaume wanne, usiku masaa saba, mlango umefungwa, dirisha hakuna, mmoja anakohoa. Nilikaa humo dakika kumi nguo zikashika mwili.

Wawili walikuwa wazima kabisa wanaongea kwa sauti, wa tatu kakaa kwenye ukingo wa godoro anasikiliza tu. Nikamuuliza unakohoa? Akasema, "Kawaida tu dada, si unajua sigara." Jasho usiku? "Humu si joto, wote tunatoka jasho." Majibu yote yana maelezo, na maelezo yote ni ya kweli. Aliposimama kunipisha nikaona mkanda wake. Ulikuwa na matundu yake ya dukani, alafu kwa ndani matundu mengine matatu yametobolewa kwa msumari, hayajanyooka, na la mwisho bado lina vinyuzi vya ngozi, ni la juzi. Sikumuuliza tena kitu. Nikampa kikopo, nikamwonyesha atoke nje ya geto, sehemu ya wazi, avute pumzi ndefu atoe kohozi la kifuani na si mate. Majibu ya GeneXpert, ile mashine ya kupima makohozi, yakatoka siku ya pili. Anayo. Na kumbe alianza kukohoa kabla ya konda.

Baada ya wale wa geto nikamfata dereva wake, anayekaa naye kituoni na kwenye gari kuanzia alfajiri, alafu kibanda umiza wanachoangalia mpira, maana kile nacho ni chumba cha giza, mapazia mazito, viti vya plastiki vimebanana, mechi masaa mawili na watu wanapiga kelele. Mwenye kibanda alikuwa mzima, dereva mzima. Redio hatukwenda.

Watoto kwenye geto hawakuwepo, ila wangekuwepo ningeanza nao hata kabla ya huyu wa mkanda. Hii hapa ndo inanigombanisha na wazazi. Mtoto chini ya miaka mitano anayekaa nyumba yenye mgonjwa wa vimelea, tukimwangalia hana kikohozi, hana homa, uzito unapanda vizuri kwenye kadi, anacheza, huyo tunampa dawa kinga, ili vile alivyovuta visije vikaamka. Mzazi anakuangalia. "Mtoto wangu mzima kabisa unampaje dawa?" Nimeambiwa hivyo mara nyingi siwezi kuhesabu. Zamani nilikuwa nataja vimelea na asilimia, haikusaidia, sasa hivi namuuliza, mama, moto wa jikoni umerusha cheche kwenye zulia, hujaona moshi, utasubiri moshi? Wengi hapo wanaelewa. Asiyeelewa nampigia kesho yake tena. Ila akiwa hana raha, uzito umesimama, hachezi kama zamani, dawa kinga hapewi kwanza, anaenda kwa dokta siku hiyo hiyo, kwasababu ukimpa kinga mtoto ambaye tayari anaumwa unamtibu nusu.

Kuna kitu semina moja kilinipa moyo. Mwezeshaji alituambia mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza 1977, na daktari anaitwa Karel Styblo akaja kufanya kazi na Watanzania, wakapanga namna ya kumfuatilia mgonjwa mpaka anamaliza dozi, namna ya kuandika rejista, na dunia nzima baadae ikaja kuiga yaliyofanyika hapa. Ndo DOTS hiyo, ule utaratibu wa kumsimamia mgonjwa akimeza dawa mpaka amalize. Nikifungua kaunta buku langu lililolowa jasho nakumbuka hilo, kwamba kuandika vizuri nani yuko wapi ni nusu ya tiba.

Swala la VVU ndo gumu kuliko yote. Mtu mwenye virusi akivuta vimelea vya TB uwezekano wa kuugua ni mkubwa mara nyingi kuliko asiye navyo, na kwake hatusubiri kikohozi cha wiki mbili, kikohozi cha aina yoyote hata cha siku mbili kinahesabika. Sasa utamuulizaje mtu hilo sebuleni, shemeji kakaa pale, mama mkwe pale? Nilikuwa nauliza kwa ujumla, "kuna mwenye tatizo lolote la kiafya?" na wote wanasema hamna.

Nilijifunza Keko. Nimemaliza nyumba, nimeaga, wote wamesema wazima, mi huyo naelekea kijiweni kwa bodaboda, nasikia kandambili nyuma yangu zinakuja haraka. Binti wa ile nyumba, mdogo wa yule mgonjwa. Akanishika mkono akaniambia taratibu, "Dada, mi nakunywa dawa. Wao hawajui." Nikamuuliza unakohoa? "Kidogo, tangu juzi." Nikamrudisha kliniki na ile ile boda, nikamlipia mimi. Hakuwa na TB, akapewa dawa kinga, mpaka leo mzima. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza ni wangapi hawakunikimbilia. Toka siku hiyo nyumba yoyote naongea na kila mtu mzima peke yake, hata kama ni nyuma ya nyumba karibu na karo, na nikishaaga sipandi boda mlangoni. Natembea polepole mpaka barabarani. Mara nyingi tu kuna mtu anakuja. Na kile kizibao cha kazi nilishakivua, maana kuna mtaa nilikivaa, jioni yake mgonjwa wangu akapewa notisi ya kuhama, na hilo nalibeba mimi.

Kuna wanaosema hizi foleni ni ubaguzi, kwanini usipime wote. Tunapima wote. Jina halifutwi mpaka nimeliona lina majibu. Lakini siku ina masaa yake na mimi ni mmoja, kuna mtu lazima awe wa kwanza, na nisipochagua mimi kwa akili, mtaa utanichagulia.

La mwisho ni la mwaka jana, Kijichi, nyumba nzuri tu ya geti. Hapa mambo yalikuwa kinyume, mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mwenyewe, miaka miwili na nusu. Mtoto wa umri huo akipata TB ujue kaipata kwa mtu mzima wa karibu na si siku nyingi, kwahiyo unarudi nyuma kutafuta aliyempa. Baba akapigwa eksirei, safi. Mama safi. Bibi mzaa baba anayekuja wikiendi, safi. Wakaanza kulaumu shule ya chekechea, mara msikitini. Nikauliza swali langu, jamani mtoto alikuwa analala na nani? Mama akasema chumba chake. Peke yake? Kimya kidogo. "Alikuwa analala na dada." Dada yake? "Dada wa kazi. Ila alishaondoka, mwezi wa pili huu, alikuwa anaumwaumwa tukamrudisha kwao akapumzike."

Miezi kumi na moja alilala na yule mtoto kitanda kimoja, na kwenye listi ya wanakaya jina lake halipo. Simlaumu yule mama, alikuwa analia kweli, hakuficha, hakumhesabu tu.

Namba ya binti ilikuwepo, kwao Kilolo, Iringa. Simu ikaita mara tatu haijapokelewa, ya nne kapokea. "Shikamoo." Nikaitikia, nikajitambulisha, nikamuuliza hali, na kabla hajajibu akakohoa, kikohozi kile kirefu kinachoanzia chini, mpaka akaweka simu pembeni. Miaka kumi na tisa. Alikuwa anafikiri karogwa na dada wa kazi wa nyumba ya jirani. Nikatafuta namba ya zahanati ya karibu na kwao, nikaongea na nesi wa zamu, akaniahidi atamfata yeye mwenyewe kwa pikipiki, na kweli alimfata, majibu yakaja ana vimelea, akaanza dawa.

Siku nesi alivyonipigia kunipa majibu nilikuwa kwenye daladala, nikashuka kituo kisicho changu ili nisikie vizuri. Nikamshukuru. Alafu nikamuuliza, huyo binti kwao analala na nani? Akasema subiri nimuulize, nikawasikia wanaongea Kihehe kwa mbali. Akarudi kwenye simu. Analala na bibi yake, na mdogo wake wa miaka mitatu.

Nikamwambia, nesi, naomba uanze na huyo mdogo, leo.